Jumatatu Saa Tatu Asubuhi

Nikiingia darasa la kidato cha sita sianzi kwa kuuliza nani anataka kuwa nani. Nagawa vipande vya karatasi. Kila mmoja aandike kazi anayoitaka, halafu chini yake aandike mtu wa kazi hiyo anafanya nini Jumatatu saa tatu asubuhi. Mstari wa kwanza hujaa papo hapo: daktari, mhandisi, daktari, mwanasheria, mhasibu, daktari, rubani. Kwenye mstari wa pili kalamu zinasimama. Wengine wanatazama dari, wengine wanachungulia kwa jirani, na jirani naye hana kitu. Mwaka jana binti mmoja wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, aliandika "anatibu", akafuta, akaandika "anaingia ofisini", akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimwelewa sana. Ningepewa karatasi ile mwaka 2018, nami ningeitoboa.

Natoka Ngarenanyuki, Arumeru, upande wa pili wa Mlima Meru ukitokea Arusha mjini. Baba ni mkulima wa nyanya. Katika watoto wake sita mimi ndiye wa kwanza kufika kidato cha sita, na neno daktari lilikuwa limeshakaa nyumbani kwetu kabla sijajua kuandika jina langu. Baba hakuwa na kosa. Maishani mwake alikuwa amewaona kwa karibu wasomi wa aina tatu tu: mwalimu, mtendaji wa kata na daktari, na kati ya hao watatu ni daktari peke yake ambaye hata wazee wenye mvi waliinuka kumpisha. Mtu humtakia mwanawe kilicho bora kati ya alivyoviona.

Kidato cha nne nilipojaza selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, niliandika PCB bila kuuliza. Walimu nao hawakuniuliza, kwa sababu alama zangu za sayansi ziliruhusu, na mwalimu wa ushauri na unasihi alikuwa pia mwalimu wa Jiografia wa mikondo yote. Ule ndio mlango wa kwanza na wengi wetu tunaupita usingizini. Siku hizi kombi, yaani mafungu ya masomo ya kuchagua, ni nyingi, tangu 2024 zimefika 65, lakini mtoto wa miaka 16 bado anachagua kwa sikio: ipi inasikika kuwa ya wenye akili.

Matokeo yangu yalikuja hivi: Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E. Divisheni two ya pointi 12.

Hizo pointi lazima nizieleze, maana nimeona zikiumiza nyumba nyingi kuliko yetu. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5, kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndiyo heri. Ukija upande wa vyuo vikuu, mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unahesabu kinyume chake: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo kubwa ndiyo heri. Cheti ni kile kile na mtu ni yule yule, lakini huku nilikuwa na 12 na kule nilikuwa na 6. Kaka yangu alisoma mahali kwamba ili uingie chuo kikuu unahitaji ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Akamwendea Baba mbio: "Baba, zinatakiwa nne, na mdogo wangu ana kumi na mbili!" Jioni ile walichinja mbuzi. Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyewaambia tu kwamba zile nne ni kizingiti cha jumla, kwamba kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, na kwamba E yangu ya Fizikia ilikuwa imeshaufunga mlango wa udaktari kabla mbuzi hajafungwa kamba.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, na kambini kwetu simu hazikuruhusiwa. Kaka akachukua bahasha yangu ya vyeti akaenda steshenari mjini.

Baadaye nimewahi kwenda kuitazama steshenari ile. Meza mbili, mashine ya fotokopi, kompyuta moja ambayo herufi za kibodi zimefutika kwa vidole, na benchi la wazazi walioshika bahasha za kaki mapajani. Kijana wa pale anajaza maombi ya chuo kama anavyojaza fomu nyingine yoyote, haraka, maana benchi limejaa. Kaka hakuwa na barua pepe na simu yangu ilikuwa imezimwa sandukuni, kwa hiyo kijana alitumia barua pepe yake na namba yake mwenyewe ya simu. Akaniombea udaktari vyuo vitatu, na kila chuo kililipiwa ada yake ya maombi. Vyote vitatu viliniacha. Awamu ya pili akanichagulia mwenyewe kozi zilizokuwa bado na nafasi katika vyuo viwili, na vyote viwili vikanichukua. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe uliingia kwenye simu ya yule kijana, katikati ya jumbe za watoto wa watu wengine. Nilipotoka kambini na kumfuata, alitafuta, akautafuta tena, akaniomba radhi kwa dhati. Muda wa kuthibitisha ulikuwa umepita.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na nilichokuwa nalilia sikukijua hasa. Kozi zenyewe hata majina yake nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Ukawa mwaka wa nyanya. Nilichuma, nilipanga kwenye matenga, nilikwenda na Mama mnadani. Watu waliponiuliza chuo gani nilijibu "mwakani", nikitazama chini. Kutazama chini nilikuwa nimekuzoea. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi waliokulia kwetu, na nilipokwenda kusoma kidato cha tano mkoa mwingine, wiki ya kwanza tu bwenini niliulizwa kama huwa napiga mswaki. Tangu siku hiyo nilicheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Mwezi wa pili 2019 alikuja mtu na pikipiki kupima maji ya kisima kirefu kilichochimbwa jirani na kwetu. Mtendaji wa kijiji akaniomba nimwonyeshe njia. Nilimwamkia, nikambebea boksi lake la barafu, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikabaki kutazama.

Alilifungua bomba akayaacha maji yamwagike kwanza. Akalifunga, akaliunguza mdomo kwa moto, akalifungua tena, akajaza chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, akaandika saa na tarehe. Kisha akapanga vichupa viwili vidogo juu ya boksi. Kimoja akatia maji safi aliyokuja nayo, cha pili akatia maji yetu, na vyote viwili akaviongezea dawa nyekundu. Cha kwanza kikabaki chekundu kama juisi ya rozela. Cha kwetu kikaanza kupauka mbele ya macho yangu, kikapauka mpaka kipimo chake kikashindwa kusoma, ikabidi ayazimue maji mara kumi na kuanza upya.

Akaniangalia, na nikajua ameyaona meno yangu. "Mdogo wangu, umezaliwa hapa hapa?"

"Hapa hapa, kaka."

"Ni floridi. Inatoka kwenye miamba ya mlima huu, ni mlima wa volkano. Meno yanaipokea utotoni, yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Mtu akihamia huku mkubwa, yake hayageuki rangi."

"Na tukichemsha?"

"Ukichemsha maji yanapungua, floridi inabaki ile ile. Inazidi makali."

Mama yangu alituchemshia maji miaka yote. Aliambiwa na watu wa afya achemshe, na kwa kuhara alikuwa sahihi kabisa, hakukosa hata siku moja. Nilisimama pale nikimfikiria akipuliza kuni.

Yule kaka aliendelea kueleza huku akiandika. Kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwamba Ngurdoto, si mbali na Maji ya Chai, kipo kituo cha utafiti kinachochoma mifupa ya ng'ombe kwa hewa kidogo mpaka iwe mkaa mweusi, na mkaa huo ukichujia maji unaikamata floridi. Ngurdoto! Nimepita pale kwenye gari mara nyingi nikienda shule, nikiwa na kitabu cha Kemia mapajani, na kitabu hicho hakikuwahi kuniambia kwamba Kemia imekaa barabarani kwetu.

"Ulisoma kombi gani?" akaniuliza.

"PCB."

"Kemia ulipata ngapi?"

"C."

"Basi wewe ni mtu wa maabara. Kipo Chuo cha Maji, Ubungo, Dar es Salaam. Kina diploma ya maabara za ubora wa maji. Mimi ndiko nilikotoka."

Nilimwomba nimfuate siku mbili zaidi, na hapa ndipo pa muhimu kuliko vyote nilivyoandika. Siku ile ya kwanza ilikuwa nzuri kwa sababu ya vichupa vyenye rangi. Siku ya pili tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukapigwa na vumbi mpaka Leguruki na kurudi, maana sampuli za bakteria inabidi zifike maabara ndani ya saa sita tangu zichotwe. Siku ya tatu nilikaa maabara. Nilimwona akiandika namba kwenye daftari, akiosha chupa, akiandika namba, akiosha chupa. Akanionyesha sahani ndogo zilizokaa saa 24 kwenye joto la nyuzi 44, zikiwa na vidoa vya njano, kila kidoa ni ukoo wa vijidudu vya kinyesi vilivyozaana kutoka kwa kijidudu kimoja. Akaniachia nivihesabu. Nilivihesabu mara tatu ili nisikosee, nikaosha chupa kumi na nane, na jioni ikanikuta sijatazama saa.

Kwa muda wote wa PCB hakuna aliyewahi kunionyesha mtu akiwa kazini. Nilionyeshwa majina ya kazi.

Baba alipolisikia neno diploma aliweka kikombe chini. "Umesoma mpaka kidato cha sita, uende ukakae darasa moja na waliomaliza kidato cha nne?" Sikumjibu. Baba hajibizwi kwa maneno. Nilisubiri yule mtaalamu aliporudi na majibu ya kisima, nikamwomba arudie kile kipimo cha vichupa mbele ya Baba. Alirudia. Baba alichuchumaa, akakitazama kichupa chetu kikipauka, akakishika akakiinua juani. Alikaa nacho muda mrefu.

"Kwa hiyo hiki ndicho kilichowala meno wanangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu akisoma, atakiweza?"

"Atajua kipo wapi na kipo kiasi gani, mzee. Ndiyo mwanzo wa kukiweza."

Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye nyanya na ndama mmoja. Wakati huo mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa diploma haukuwepo, ulianza mwaka wa masomo 2023/2024 kwa baadhi ya fani, na nawaambia wanafunzi wa sasa waichunguze nafasi hiyo kwa macho mawili kabla ya kukata tamaa ya chuo. Nilimaliza 2021. Nikajitolea mwaka mmoja na nusu bila mshahara, ambao haukuwa mwepesi hata kidogo, kisha nikapata mkataba. Mwenye diploma yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada. Yangu ni zaidi ya hapo, na mwaka huu naomba. Najaza mwenyewe, kwa barua pepe yangu mwenyewe.

Shuleni naenda mwezi wa pili, kabla hawajajifungia kwa mtihani wa mwezi wa tano, kwa sababu mwezi wa saba, matokeo yakishatoka, ni kelele tupu: simu, foleni, mjomba ana wazo lake, shangazi ana lake. Nakwenda na vichupa vyangu na dawa nyekundu, na nakwenda na mwongozo wa udahili wa TCU na ule wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wa mwaka uliopita. Mwongozo tunausoma kwa rula. Weka rula chini ya kozi, soma kuanzia kushoto mpaka kulia bila kuruka: jina la kozi, sifa za kuingia, idadi ya nafasi, miaka. Wakifika kwenye safu ya nafasi darasa hunyamaza. Wanaanza kuhesabu ni wangapi katika darasa lao peke yake walioandika udaktari, na shule za PCB nchini ni ngapi. Mimi siwaambii waache. Nawaambia sifa ya chini ni ruhusa ya kuingia uwanjani, mechi yenyewe inachezwa baada ya hapo, kwa hiyo ukiandika daktari juu, andika na la pili na la tatu ambayo pia umeyaona kwa macho yako.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka lakini siyaachi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi, maana maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na nimemwona kijana akihangaika wiki nzima kwa sababu ya "Emanuel" na "Emmanuel". Barua pepe iwe yako na nywila uijue wewe. Ukienda kambini, mwachie simu na laini yako mtu mmoja unayemwamini, umwonyeshe ujumbe wa chuo unafananaje.

Kisha nawapa wiki tatu. Mstari wa pili ujazwe, na haujazwi kwa kuuliza mtandao. Uujaze kwa kwenda kuona.

Wengi hawaendi. Sitaficha. Bweni lina ratiba, walimu wana silabasi ya kumaliza, na wakuu wengine wa shule wanaona ni kupoteza muda wa masomo. Hapo huwa nashindwa kuvumilia, kwa sababu mtoto anapewa saa mia kwa mia za kukokotoa kasi ya mpira unaodondoka, halafu ananyimwa Jumamosi moja ya kujua anakokotoa ili aende wapi. Lakini kila mwaka kuna wanaokwenda. Kijana mmoja aliyetaka udaktari alikaa kwenye benchi la zahanati ya kijijini kwao wakati wa likizo fupi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa, akimwangalia tabibu mmoja akipokea watu bila kula. Alirudi na mstari wa pili uliojaa mpaka nyuma ya karatasi. Bado anataka udaktari. Sasa namwamini, na nikamwandikia jina la kila kozi ya afya iliyo jirani nao endapo alama zitakataa. Msichana mwingine, wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, aliyekuwa ameandika benki, alikaa siku moja na mama anayeuza pembejeo za kilimo akimsaidia hesabu za mikopo ya wakulima, akaibuka na maswali ishirini kuhusu uchumi wa kilimo ambayo nilishindwa kuyajibu, nikamtafutia mtu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa simu.

Na yule binti aliyetoboa karatasi. Wiki tatu zilipita kimya, nikadhani amenisahau. Usiku mmoja simu ikaingia ujumbe mrefu:

"Shikamoo dada. Jumamosi mama mdogo alinipeleka hospitali ya wilaya anakofanya usafi. Nimekaa kwenye chumba cha eksirei nyuma ya kioo. Pale kuna dada mmoja, kazi yake ni kuwapiga picha wagonjwa. Alikuja babu anakohoa sana, hawezi kusimama vizuri. Dada akamshika mabega akamweka sawa taratibu, akamwambia babu vuta pumzi, shikilia, usiachie, akaja mbio kubonyeza, akarudi mbio kumshika. Picha ilipotoka akanionyesha mbavu na sehemu yenye kivuli. Nimeuliza, akasema Jumatatu saa tatu ndivyo anavyofanya, na Jumanne, na siku zote. Dada, mimi hiyo naweza. Inaitwaje hiyo kozi na inataka Fizikia ngapi?"

Ilikuwa saa tano na nusu usiku. Niliwasha taa, nikachukua mwongozo na rula, nikampigia.